Makomeo ya Upande wa Dereva

Paa lilifunguka walipokuwa wakipanda kutoka korongoni. Kwanza ulisikika mlio wa bati, kisha kishindo, kisha gari zima likavutwa nyuma kana kwamba kuna mtu amelikamata mkia. Kwenye kioo cha pembeni, mjane akaona nyumba yake ikipepea: upande mmoja umenyanyuka juu, upande wa pili bado umeng'ang'ania.

"Simama! Shemeji, simama!"

Kinyozi, mdogo wake marehemu mumewe, alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari liliserereka kwenye changarawe, likakaa mshazari katikati ya njia. Vumbi lao wenyewe likawafikia, likawapita, likaenda zake.

Walishuka. Bati la paa lilikuwa limepinda pembeni, na turubai limechanika kutoka dirishani hadi chini. Mto mmoja wa kitanda ulikuwa umelala barabarani, mbali, karibu na korongo. Kinyozi alizunguka gari, akarudi, akashika kiuno.

"Ungetuua, shemeji. Haki ya Mungu ungetuua. Hukufunga makomeo?"

"Nilifunga."

"Ulifunga nini? Haya mawili ya upande wangu yako wazi!"

"Ya upande ule hayakuwa yangu."

"Ya nani basi?"

Mjane alikwenda kuuokota mto, akaukung'uta vumbi kwa kiganja, taratibu, na alipokuwa akirudi nao kifuani Kinyozi alikwisha kujua ni ya nani. Akainamisha kichwa, akaanza kutafuta kamba.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani, bluu enzi hizo. Mgongoni lilibeba kijumba alichokitengeneza marehemu kwa mikono yake: sakafu ya mbao, kuta za turubai, paa la bati jepesi. Mkifika mnapolala, mnalisukuma paa kwa mabega, kuta zinanyooka, na ndani pana kitanda, jiko la mafuta ya taa na dirisha la wavu. Mkiondoka, mnalishusha, mnakunja turubai kwa ndani, mnafunga makomeo manne, mawili kila upande. Watu wa huko porini waliliita Konokono, kwa kuwa limebeba nyumba yake. Na pia, tuseme ukweli, kwa sababu ya mwendo wake.

Marehemu alikuwa fundi wa pampu za mkono. Yeye na mkewe walizunguka na Konokono kwenye visima ambavyo fundi mwingine angetaka kwanza kujua kama kuna hoteli. Asubuhi mume alifunga makomeo ya upande wa dereva, mke ya upande wa abiria. Hawakuwahi kukubaliana hivyo. Ilitokea tu, kama inavyotokea katika ndoa kwamba mmoja ndiye wa kulala ukutani. Mke alimaliza yake, akasubiri, na kutoka upande wa pili, ambako hakuweza kumwona, zikaja ngumi mbili juu ya bati: ndu, ndu. Hapo mume hutokea akijifuta mikono, nao wakaondoka.

Mke siku zote aliamini mumewe analisalimu gari. "Gari unaliamkia kwa heshima zote," alimtania, "mimi hata habari za asubuhi nazipata kwa bahati." Mume alicheka tu. Hakuwa mtu wa kujieleza, na mkewe hakuwa mtu wa kuharibu utani kwa kuuliza maswali.

Asubuhi hii mjane alikuwa amefunga makomeo yake mawili, akasimama. Upande wa pili Kinyozi aliingia, akaubamiza mlango wa dereva, haukushika, akaubamiza tena. Vishindo viwili. Mazoea yana taabu: moyo wake ulitulia kabla akili haijauliza, akapanda garini, wakaondoka.

Wakalifunga paa kwa kamba, wakaendelea na safari polepole zaidi ya konokono.

Mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa nyumbani. Kikao cha familia kilikaa, shemeji mkubwa akazungumza kwa niaba ya wote. Mwanamke peke yake porini, alisema, hilo halizungumziki. Binti wa mjane alimwandalia mama yake chumba cha nyuma, chenye feni na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Na gari apewe Kinyozi, ambaye kibanda chake cha kunyolea kilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Akiking'oa kile kijumba mgongoni, atapata chombo cha kubebea mizigo sokoni. Kila mmoja alipata alichohitaji, isipokuwa mmoja, naye alikuwa ameinamisha kichwa akidhaniwa amekubali.

"Kuna pampu moja marehemu aliahidi," alisema mwishoni. "Niacheni nikaitengeneze. Kisha gari chukueni."

Ndivyo Kinyozi alivyotumwa ampeleke na amrudishe, yeye na gari. Alipokabidhiwa funguo alisema, "Kufa kufaana," akitaka kuchekesha. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe aliona haya njia nzima.

Walifika jua likiwa limeshapanda. Pampu ilikuwa chini ya mwamba mrefu, nyumba chache zimetawanyika, na birika la mifugo limekauka hadi nyufa. Mlinzi wa pampu, mwanamke mpana wa mabega aliyevaa shati la kiume, aliwaona kwa mbali akaja akipunga mkono.

"Konokono! Konokono limefika! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Alizunguka upande wa dereva akiwa bado anacheka, akakuta uso asioujua. "Mzee yuko wapi?"

Mjane alishuka. Alikuwa amelisema jambo hili mara nyingi mjini, kwa majirani, kwa benki, kwa watu wa makaburini. Hapa hakuwa amejiandaa.

"Mzee ametangulia, mama. Kabla ya mvua zilizopita."

Mlinzi alifunika mdomo kwa viganja. "Aa, jamani. Pole. Pole sana, dada yangu. Na sisi tulikuwa tunamlaumu, tunasema mzee ametusahau."

"Hakusahau. Aliitaja hii pampu hata kwenye kitanda cha hospitali."

Wakasimama hapo wote watatu. Kisha mjane akafungua sanduku la vifaa, kwa sababu lilikuwa pale na alijua linavyofunguka.

Pampu ilipanda na kushuka bila kutoa hata tone. Mpira wa chini, ule unaovuta maji, ulikuwa umekwisha, mjane alisema, na kuufikia ni lazima mabomba yote yatolewe kisimani, moja baada ya jingine. Huko nyuma mumewe ndiye aliyefungua, yeye akashikilia. Leo alichukua spana yeye, akampa Kinyozi kibano.

"Shika hapa, usilegeze. Ukiachia, bomba linakwenda chini moja kwa moja, na kisima kimekufa."

"Mbona unanitisha, shemeji?"

"Sikutishi. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, na sijaachia mpaka leo."

Mikono ya Kinyozi ilizoea wembe na mashine ya kunyolea, vitu vinavyotaka wepesi. Mabomba mawili aliyaweza. La tatu, jasho likaingia kiganjani, kibano kikateleza, bomba likashuka ghafla, naye akapiga kelele. Kabla kelele haijaisha, mlinzi alikuwa ameshauweka uzito wake wote juu ya mkono wa kibano. Bomba likasimama.

"Sogea, baba," alisema mlinzi, bila hasira. "Hii kazi ya watu wanaokunywa haya maji."

Kinyozi akasogea, akakaa juu ya jiwe. Aliwatazama wale wanawake wawili wakivuta na kufungua, mmoja akisema neno moja, mwingine akiitikia. Jirani mwingine akaja kushika, na mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole havikukosekana. Mpira wa zamani ulipotoka, mjane aliutazama kwa muda. Kingo zake zilikuwa zimelika zikawa nyembamba. Mumewe ndiye aliyeuweka. Akaufuta, akautia mfukoni, akaweka mpya.

Maji yalianza kwa kukohoa. Yakaja hewa, yakaja mekundu, kisha yakaja safi. Mlinzi alijaza bakuli akampa mjane kwanza, naye akalinywa lote akiwa amesimama.

Alasiri alikaa kivulini mwa mwamba akishona turubai, sindano ndefu ikipenya kwa shida. Turubai lilikuwa na viraka vya miaka mingi. Vyake vilinyooka. Viwili vya mumewe vilikuwa na mishono mikubwa, ya kwenda kombo, ya mtu anayeshona akiwa na njaa. Kinyozi, ambaye hasafiri bila mkasi, alikuwa amefungua duka juu ya jiwe, na wanaume walipanga foleni. Alinyoa hadi wakaisha, akiwatania, akitaniwa, mara ya kwanza kucheka tangu kibanda chake kibomolewe. Kisha akaja akakaa karibu na shemeji yake.

"Wanasema pampu ya ng'ambo ya mlima nayo imekauka."

"Najua. Ilianza kusumbua tangu mwaka jana."

"Nani atakwenda?"

Sindano ikapita, ikarudi. "Wewe unanirudisha mjini, shemeji. Unaniuliza mimi?"

"Nauliza tu. Nilidhani porini mtu yuko peke yake. Leo nimeona mikono ipo."

"Mikono haikosi penye kiu."

"Na makomeo?" Kinyozi alishusha sauti. "Sikuchokozi, shemeji. Lakini leo tumeponea chupuchupu. Ungekuwa peke yako kwenye ule ukingo ingekuwaje?"

Mjane aliendelea kushona. Mshono mmoja, wa pili. Kisha mikono ikakataa, turubai likamlalia magotini, akalia. Hakulia hivi hata siku ya maziko, siku ile palikuwa na watu wa kupikia.

"Hilo sina jibu," alisema alipoweza. "Nilisikia vishindo viwili nikajua amefunga. Yaani nilijua kabisa. Sasa nitajuaje siku nyingine?"

Kinyozi alichukua ncha ya turubai, akaivuta ikanyooka ili mshono ukae vizuri, akaishikilia hivyo hadi kazi ikaisha. "Nilishapata mtu wa kuking'oa hiki kijumba," alisema baadaye, kama anayezungumza na mkasi wake. "Ananisubiri."

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa imekaa juu ya bati. Mjane alishusha paa, akalikunja turubai kwa ndani, akafunga makomeo yake mawili. Akasimama kwa mazoea. Kulikuwa kimya, ila pampu tu, iliyokwisha kupata foleni.

Akazunguka nyuma ya gari, akaenda upande wa dereva.

Miaka yote hiyo hakuwahi kusimama hapa asubuhi. Komeo la mbele lilifungika mara moja. La nyuma alilibana, likaruka. Akalibana tena kwa nguvu, likaonekana limeshika, alipoondoa mkono likaruka. Alijaribu kwa viganja viwili. Aliinama akalichungulia: ulimi wake ulikuwa umepinda kidogo, hauingii wenyewe. Na hapo juu, kwenye bati, rangi ilikuwa imetoka. Palikuwa na kibonyeo cha mviringo, laini, kilichochimbika kidogo kidogo.

Aliuweka mkono wake hapo. Kibonyeo kilikuwa kikubwa kuliko ngumi yake.

Akalibana komeo kwa mkono wa kushoto, akakunja wa kulia, akapiga. Ndu. Ulimi ukasogea, haukuingia. Akapiga tena. Ndu.

Komeo likashika.

Dirisha la gari likashushwa. Kinyozi alikuwa ameshakaa, mkate mkavu mkononi, lakini kiti alichokalia kilikuwa cha abiria. Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye swichi, na kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

"Kuna nini huko, shemeji?"

"Hakuna kitu. Nafunga."

"Haya. Lakini njia ya kwenda kwenye pampu ya ng'ambo ya mlima siijui, mimi. Usinitegemee."

Mjane alikuwa amesimama na ngumi yake ndani ya kile kibonyeo, machozi yakimtoka bila sauti, na uso wake haukuwa wa mtu anayelia. Kisha akalifungua lile komeo lililokwisha kushika, taratibu, akaliacha wazi kidogo. Akalibana upya, akainamisha kichwa ili asikie vizuri.

Ndu. Ndu.