Nguruwe wa Velositi ya Wastani

Kila mwaka, siku ya mtakatifu wetu, kisiwa kizima hukusanyika mbele ya kanisa kutazama watu wazima wakiondoka pale kwa baiskeli, wakizunguka kisiwa, na kurudi palepale. Tunayaita mashindano. Mimi huyapenda. Inapendeza kuona mtu akitoka jasho lote lile ili afike alipokuwa.

Mwaka jana washindi walijitangaza wawili, na watu wakarushiana ndala hadi jioni. Kwa hiyo mwaka huu Kapteni Teodulo, mkuu wa kijiji chetu, aliamua mambo yaende kisayansi. Akachapisha bango la turubai. Kwetu hapa hakuna jambo bila turubai. Mtoto akifaulu mtihani, jina lake huandikwa kwenye turubai, na picha ya mkuu wa kijiji anayempongeza huwa kubwa kuliko mtoto. Hili la mwaka huu lilikuwa na uso wa Kapteni kushoto, uso wa Kapteni kulia, na katikati herufi nyekundu: NGURUWE JIKE MMOJA KWA MWENYE VELOSITI YA WASTANI KUBWA KULIKO WOTE.

Nilimfuata kabla halijatundikwa.

“Kap, samahani. Hapo pangefaa paandikwe spidi.”

“Kwa nini, Inday?”

“Spidi ya wastani unachukua njia yote uliyopita, unagawa kwa muda. Velositi haijali umepita wapi. Inauliza ulianzia wapi, umeishia wapi, umbali wa moja kwa moja kati ya hapo na pale, na ni upande gani. Sasa mtu akirudi alipoanzia…”

“Akirudi?”

“Velositi yake ya wastani ni sifuri, Kap.”

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. “Mwanangu Jhunrey akanyage pedali kilomita arobaini, halafu wewe uniambie hajaenda popote?”

“Kwa velositi, ndiyo.”

“Spidi ni neno la madereva wa pikipiki, binti yangu. Velositi lina heshima.” Kisha, kwa kuwa nimesoma fizikia chuoni, akaniteua mkokotoaji rasmi wa mashindano. Nikashukuru, nikaenda kukaa. Kukaa ndicho kipaji changu kikubwa.

Asubuhi ya mashindano padre alilinyunyizia turubai maji ya baraka. Kapteni akashika maikrofoni ya mashine ya videoke, ile ya kuimbia na kupewa alama, maana ndiyo maikrofoni pekee kijijini, akanguruma: “Mwaka huu hakuna ndala! Kilichoandikwa hapa ndicho sheria. Hakiongezwi, hakipunguzwi!”

Tulipiga makofi. Jhunrey alipiga zaidi yetu. Baiskeli yake nyepesi ilitoka mjini Cebu, na nyumbani kwao walikuwa wameshanunua mchaichai wa kumjaza nguruwe tumboni kabla ya kumchoma.

Nyuma kabisa ya mstari alisimama jirani yangu, Nang Pasita, na baiskeli anayouzia mikate ya mchele, kikapu bado kimefungwa kwenye keria. Ugonjwa wa nguruwe ulimaliza nguruwe wake wote, na ada ya chuo ya binti yake ilikuwa ikitoka kwa nguruwe hao. Hadi siku hiyo, kila asubuhi nilikuwa nikimwona kutoka dirishani kwangu akifagia banda tupu.

“Nang, unashindana kweli?”

“Si ninazunguka kila siku? Leo nitaharakisha kidogo.”

“Harakisha, Nang, mikate isipoe!” akapiga kelele Jhunrey, na watu wakacheka.

Walipoondoka, nilibaki na saa yangu kivulini. Jhunrey alirudi baada ya muda wa saa mbili kamili, mikono juu. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakihema. Filimbi ya kufunga ilipulizwa muda wa saa tatu tangu waanze. Nang Pasita hakuwepo.

Diwani aliyekuwa bandarini, upande wa pili wa kisiwa, akapiga simu. “Yuko hapa. Mnyororo umekatika. Ameketi kwenye ngazi, anawauzia abiria mikate.”

“Mwacheni auze,” akasema Kapteni. “Mkokotoaji, soma matokeo.”

Nikapewa maikrofoni. 

“Jhunrey,” nilisema. “Spidi ya wastani, kilomita ishirini kwa saa.”

Shangwe.

“Velositi ya wastani, sifuri.”

Kapteni akaweka kiganja sikioni.

“Rudia,” akasema Kapteni.

“Sifuri, Kap. Alianzia kanisani, yuko kanisani. Na hawa wengine wote, sifuri.”

“Kap!” mtu akapayuka kutoka nyuma. “Kumbe mwanao hajatoka nyumbani!”

Kapteni akacheka kicheko cha mdomo tu. “Mkokotoaji amepigwa na jua. Inday, rudi ukae.”

Miguu yangu ilitaka kutii. Kisha akilini nikaliona lile banda tupu lililofagiwa.

“Kuna mmoja ambaye hayuko kanisani,” nilisema. “Filimbi ilimkuta Nang Pasita bandarini. Ukikata moja kwa moja juu ya mlima ni kilomita kumi na mbili. Gawa kwa muda wa saa tatu. Kilomita nne kwa saa, kuelekea kusini. Ndiyo kubwa kuliko zote.”

“Hakumaliza!” akalia Jhunrey.

“Turubai halisemi lazima umalize,” nilisema. Nilitaka kuongeza samahani, lakini mashine ya videoke ilidhani wimbo umekwisha. Ikapiga tarumbeta na kunipa alama tisini na nane, kama inavyompa kila mtu.

Mama mmoja akaanza, wengine wakadakia, hadi uwanja mzima ukawa unaimba: “Hakiongezwi! Hakipunguzwi!”

Kapteni aliutazama uso wake wa kushoto, akautazama wa kulia. Hakupata msaada. Akainua mkono.

“Nilitaka tu kuona,” alisema, “kama kuna mtu kisiwani anasoma maturubai yangu.”

Tukampigia makofi kwa hekima yake. Jhunrey hakupiga.

Diwani alimleta Nang Pasita kwa pikipiki, kikapu kitupu kichwani. “Nimeshinda nini? Mimi nilikaa tu.”

“Ulikaa mahali pazuri, Nang.”

Jioni nilimsaidia kumwingiza nguruwe bandani. Mnyama alizunguka kuta zote akinusa, akarudi mlangoni, akajilaza. Nang Pasita alimkuna nyuma ya sikio muda mrefu, huku akipangusa macho kwa mkono ule mwingine.

“Inday,” alisema mwishowe, “mwakani nikipata mnyororo mpya, nitawaonyesha.”

“Usinunue mnyororo, Nang.”