Waziri na Mbuzi

Zornitsa alikuwa amewatafsiria viziwi wa mji wa Plovdiv kwa miaka ishirini. Lugha ya alama alifundishwa nyumbani na baba yake, mzee Dobri, ambaye ni kiziwi. Sheria mpya ilipotaka kila mkalimani awe na leseni, alikasirika.

"Wanipime mimi?"

Akaenda kwenye mtihani wa leseni bila kufungua kitabu. Akapewa hotuba ya waziri atafsiri. Mtahini, mama kiziwi aitwaye Nevena, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Binti yangu," akamwambia kwa mikono, "umesema mbuzi ametia saini bajeti."

Zornitsa alirudi nyumbani amenuna. "Baba, alama ya waziri si ulinifunza wewe!"

Mzee Dobri akajikuna kichwa. "Ulikuwa na miaka sita, ukaniuliza yule kwenye televisheni ni nani. Siku hiyo waziri alikuwa ameniudhi."

"Na miaka yote hii hukunisahihisha?"

"Nikusahihishe nini, mwanangu? Sote tulikuelewa. Tena tulikubaliana nawe."

Zornitsa akacheka bila kupenda. Kwa miezi mitatu mzee akawa mwalimu mkali kuliko mtahini yeyote, na mtihani wa mara ya pili binti akafaulu.