Simu Kumi na Moja kwenye Ungo

Hafsa alikuwa fundi wa tovuti pale Manundu, Korogwe, na kama mafundi wengi aliipenda kazi yake kupita kiasi. Ukurasa aliowatengenezea akina mama wafuga nyuki wa Handeni ulikuwa umetulia: picha ya asali inang'aa, chini yake namba ya kuagizia. Kwenye kompyuta yake, mashallah.

Jumanne Bibi Mwaija, mwenyekiti wa kikundi, akampigia. "Mwanangu, mbona namba siioni? Naona asali tu."

"Simu yako imechoka, bibi," Hafsa akajibu huku anacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alhamisi akaenda Handeni kuukabidhi. Saa nane mchana redio ilikuwa iutangaze ukurasa huo, na asali ya msimu mzima ilikuwa kwenye madumu nyumbani kwa bibi, inangoja wanunuzi. Kikundi kile kina desturi yake: kikao hakianzi mpaka kila mama aweke simu kwenye ungo katikati ya mkeka, asije mtu akaanza kumjibu mumewe hoja ikiwa imenoga. Hafsa alipouona ungo umejaa simu kumi na moja, mpya kwa kuukuu, akayakumbuka maneno ya bibi ya Jumanne. Akaomba aufungue ukurasa kwenye kila moja.

Kwenye simu sita ulikuwa sawa. Kwenye tano, picha ilikuwa imeilalia namba kama kuku juu ya mayai. Ukurasa ni uleule, ila kila kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kinaupanga kivyake, na yeye alikuwa ameupima kwenye kimoja tu, cha kwake. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Kuna nini?" akauliza Serafina, katibu, mwanamke asiyemung'unya maneno. "Kazi mbovu?"

Hafsa akafumbua mdomo, lakini Bibi Mwaija akamtangulia. "Ni kazi ya kupima hiyo. Mteja mwenye simu kuukuu naye si anataka asali? Haya, kila mtu ashike simu yake, tumsaidie."

Hafsa akafungua kompyuta. Akaondoa mbwembwe zote, akaipandisha namba juu, picha ikafuata chini, kwa mpangilio mwepesi ambao hata kivinjari cha zamani kinauelewa. Kila akibadilisha kitu, akina mama wanampa majibu. "Kwangu bado!" "Kwangu imetoka!" Saa nane kasorobo, namba ilionekana kwenye simu zote kumi na moja.

Kikao kilipokwisha, akamfuata bibi uani. "Bibi, uliniambia Jumanne nikakucheka. Leo mbona hukunisema mbele yao?"

"Ningekusema, ungetengeneza huku mikono inatetemeka," bibi akajibu. "Mimi nilitaka namba ionekane."

Hafsa alikuwa amesitiriwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdharau, na alilijua hilo vizuri. Akaushika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili, akasema asante, akairudia tena, machozi yakimtoka. Ndani, simu ya kwanza ya mnunuzi ilikuwa inaita.