Wiski Iliyokohoa

Katika chumba cha kuonjea hakuna aliyeruhusiwa kujipaka manukato, na glasi zilioshwa kwa maji moto matupu, maana sabuni ikibaki huharibu harufu ya wiski. Mwosha glasi aliyajua hayo vizuri. Kazi hiyo alipewa kwa huruma baada ya mumewe, fundi wa tangi, kupotea kazini. Ofisi ilisema ametoroka na mwanamke. Viatu vyake vilikutwa juu ya tangi la wiski ya Ayalandi, lakini ofisi ikasema mwenye haraka ya mapenzi hakumbuki viatu.

Mama mkwe aliyameza maneno hayo mazimamazima. "Mume hakimbii nyumba yenye amani," alimwambia mkwewe kila alipoletewa chai.

Siku tangi lile lilipofunguliwa, waonjaji walikaa mezani. Wakainua glasi kwenye mwanga, wakasifu rangi. Wakanusa huku midomo ikiwa wazi kidogo: asali, tufaha, mbao kavu. Kisha mwonjaji mkuu, waliyemwita Pua, akadondosha tone la maji katika glasi yake ili harufu ya wiski ifunguke.

Wiski ikakohoa.

"Kifuniko cha tangi kilikuwa kibovu," ikasema. "Nilishawaambia."

Mwosha glasi akaitambua sauti ya mumewe. Akaliweka mezani sinia la glasi alilobeba.

Wengine nao wakatia maji. Kila glasi ikasema yaleyale. Pua akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo.

"Laini," akasema. "Inaanza na asali, inamalizia na lawama. Na lawama zenyewe hazitoki ulimini upesi."

"Mimi nimekipenda kile kikohozi," akasema jirani yake.

Wakaipa alama za juu kuliko zote.

Mwosha glasi akamfuata meneja mlangoni.

"Bosi, si umemsikia mwenyewe? Njoo nyumbani umwambie mama mkwe kwamba mwanawe alifia humu. Neno moja tu, aache kunisimanga."

"Pole sana, dada," meneja akasema, na kweli alimwonea huruma. "Nimemsikia. Lakini ofisi haiwezi kupokea ushahidi wa pombe."

Akaenda kuagiza chupa zote ziandikwe: itiwe maji kidogo.

Kwenye karo la kuoshea glasi, mwanamke akainamia glasi iliyobakiwa na matone. Alikuwa na hasira hata meno yalimuuma.

"Mwambie mama sikutoroka," mumewe akasema.

"Haniamini. Nitakubeba hivihivi, ukamwambie mwenyewe."

"Mama yangu? Akinusa pombe atakutupa nje, wewe na glasi yako."

Ilikuwa kweli. Wakacheka kidogo, wote wawili, halafu mwanamke akalia.

"Glasi safi!" Pua akaita. Wageni wa meza ya pili walikuwa wameshakaa.

Mwanamke akafungua bomba la maji moto. Mumewe akamwomba angoje. Akangoja kidogo. Kisha akaiosha glasi, akaisuuza, akaipeleka puani kuhakikisha haikubaki harufu ya mtu.