Kofia ya Kamanda Juu ya Tanki

Kundi letu la skauti lina kaida moja ambayo mwasisi aliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu ukutani mwa ukumbi, herufi kubwa kama za tangazo la sabuni: MKUBWA HUTANGULIA. Maana yake ni nyepesi. Jambo lolote mkubwa analotaka mtoto alifanye, sharti alifanye kwanza yeye, mtoto akiona. Kila Jumamosi tunayatamka maneno hayo tukiwa wima, mikono pajani, kisha tunakaa kwenye viti na kuwatuma watoto.

Kamati ni watu watatu. Mwenyekiti ni Kamanda, karani mstaafu wa posta. Kaptura yake ya skauti hupigwa pasi mpaka ukingo wake unaweza kukata mkate. Amezunguka dunia nzima kwa stempu za barua; mwenyewe hajawahi kulala nje ya nyumba yake, hata ile siku ilipokuwa inapakwa rangi. Wa pili ni Bwana Dawa, mwenye duka la dawa, mtu mpole anayeamini kwamba kila shida ya binadamu huisha ikimezwa na maji mengi baada ya chakula. Wa tatu ni mimi, katibu. Nilipanda nguzo za simu miaka thelathini na mmoja. Kuna nguzo moja nilikaa juu yake mpaka njiwa akataga kwenye kofia yangu, na siku niliposhuka nilishuka na makinda mawili. Asiyeamini akamuulize njiwa.

Mjukuu wangu wanamwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba na anachoma. Mama yake, yaani binti yangu, ni fundi cherehani, na ndiye anayeshona mashati na skafu za kundi. Kwa miaka miwili Sindano alikuwa akileta nguo zilizokwisha kushonwa, anaambiwa ahsante, anafungiwa mlango, anazunguka nyuma ya ukumbi na kukaa dirishani. Wavulana saba walifundishwa ndani. Yeye alijifundisha pale dirishani, kidevu juu ya chuma.

Miezi michache iliyopita akaleta barua. Anaomba kujiunga, aende kambini na wenzake likizo ijayo. Mwandiko safi, na mwisho kabisa ametia sahihi yenye mkia. Kamanda aliisoma mara mbili akitafuta kosa, halafu akatabasamu, maana alikuwa amekumbuka kanuni: mwanachama mpya awe hajatimiza miaka kumi na mitatu. Na Sindano alikuwa anatimiza kumi na mitatu Jumapili ya nne kutoka siku ile. Kwa hiyo Kamanda hakuwa na haja ya kusema hapana. Alichohitaji ni kutosema ndiyo, basi, mpaka Jumapili hiyo. Mtu aliyefanya kazi posta anajua jinsi ya kuikalia barua.

Jumamosi ya kwanza tukajadili hema. Kamanda alieleza kwa huzuni kubwa kwamba hema ni moja. Nikamwambia lile hema linavuja pande zote mbili, kwa hiyo mvua tayari ilikwisha kutupangia nani alale nje. Hoja ikaahirishwa. Jumamosi ya pili Bwana Dawa alituonya kwamba msichana akiingia tu, wavulana wataanza kuchana nywele. Alisema ameyaona hayo dukani kwake: kijana mzima, mwenye akili zake, ananunua mafuta ya nywele kabla hajanunua dawa ya kikohozi. Hoja ikaahirishwa ili tufikirie nywele. Jumamosi ya tatu Kamanda akaja na urithi. Alisema mwasisi hakukusudia wasichana. Tukafungua katiba, tukaisoma yote, na kiumbe pekee aliyekatazwa humo ndani alikuwa mbuzi. Kamanda akasema mwasisi hakuwataja wasichana kwa sababu hawakumpitia akilini. Nikamjibu kwamba basi mbuzi walimpitia sana.

Tukiwa kwenye mbuzi, binti yangu akaingia, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alituamkia mmoja mmoja kwa heshima, na mimi nikajua kuna jambo, maana binti yangu akikuamkia kwa utaratibu namna hiyo, jiandae.

"Hizo skafu mlizovaa nimezishona mimi na Sindano," alisema. "Hiyo yako, Kamanda, ndiyo aliyoanzia kujifunzia. Kama mkono wake una kasoro, ivue."

Kamanda alijishika shingoni. Hakuivua. Akakohoa, akasema kamati si kamati ya watu wabaya, na kwamba Jumamosi inayofuata mtoto atapewa mtihani wa wazi. Akishindwa, tusilaumiane. Nikahesabu vidoleni: Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake Sindano angekuwa mzee wa miaka kumi na mitatu.

Siku ya mtihani Sindano alifika kabla ya saa nane, viatu vimefungwa kamba mara mbili. Alimwamkia Kamanda, akatazama ukuta wenye herufi nyekundu, akauliza kwa upole ambao nilimfundisha mimi mwenyewe:

"Nami namfuata nani?"

Pale ndipo wakubwa wawili wakageuka kuutazama ukuta, kama watu walioona saa imesimama. Tuliyatamka maneno yale miaka mingi, lakini hakuna aliyewahi kuyasoma.

Kamanda ni mtu wa heshima, sikatai. Akakunja mikono ya shati. Jaribio la kwanza lilikuwa kuwasha moto kwa njiti mbili za kiberiti. Yeye aliwasha kwa viberiti viwili na nusu ya nyusi yake ya kushoto. Sindano akatumia njiti moja, ya pili akamrudishia. Jaribio la pili, mafundo. Kamanda alifunga fundo zuri sana, tatizo ni kwamba kidole gumba chake kilibaki ndani, na Bwana Dawa ikabidi amkate kwa mkasi; amkate fundo, si kidole. Jaribio la tatu Bwana Dawa alitangulia mwenyewe, akamfunga bendeji mvulana mmoja kwa ufundi mkubwa hivi kwamba mvulana na kiti walibebwa nje pamoja. Sindano akafunga lake, akafungua, akakunja bendeji akairudisha kwenye boksi.

Saa kumi kasoro. Kamanda alitazama dirisha lile alilokuwa akikaa Sindano, na nje ya dirisha akaliona tanki la maji. Lile tanki limesimama juu ya miguu minne ya chuma, urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na ngazi nyembamba imepanda ubavuni. Nyusi yake moja ikainuka.

"Skauti wa kweli hupanda," alisema. "Apande mpaka juu, aguse mfuniko, ashuke."

Hakuna mvulana wetu aliyewahi kulipanda. Mimi ningeweza kumshika mkono mzee mwenzangu nikamwambia bwana wee, acha. Badala yake nikasema ni wazo zuri mno na nimeshaliandika. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ngazi ina tabia moja ambayo sisi watu wa nguzo tunaijua: ukipanda unaona vidato, ukishuka unaona ardhi. Kamanda alipanda vizuri kabisa, kifua mbele, wavulana wakimpigia makofi. Akafika juu, akavua kofia yake akaiweka kwenye mfuniko wa tanki kwa fahari, kama ushahidi. Halafu akatazama chini. Tukamwona analikumbatia bomba la tanki kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyekutana na ndugu waliyepoteana naye utotoni.

Bwana Dawa akaita kutoka chini kwamba ashuke. Kamanda akajibu kwamba anakagua. Baada ya dakika kumi tukamuuliza anakagua nini. Akasema bomba. Bwana Dawa alitaka kuwaita zimamoto, lakini sauti ikatoka juu, kali, kwamba zimamoto wapo jirani na posta na kwamba yeye bora afe bombani.

"Aliye juu mngoje chini," akasema Bwana Dawa, akavuta kiti.

"Mfuate huko huko," akasema Sindano.

Kamba ndefu tulikuwa nayo moja tu, kamba ya mwasisi, nene na ngumu, inayokaa ndani ya sanduku la kioo. Nikaileta. Wavulana saba wakaizunguka. Mkubwa wao akafunga kitanzi, mwenzake akapiga chafya, kitanzi kikafunguka. Nikawauliza ilikuwaje basi tukashinda kikombe cha mafundo mwaka jana, ule ubao wenye mafundo ishirini na manne ukiwa bado umetundikwa ukumbini. Mkubwa wao, masikio yakiwa mekundu, akakiri kwamba kamba zile walikuwa wakizipitisha dirishani zikiwa wazi na kuzipokea zikiwa zimefungwa.

Macho yote yakamgeukia Sindano. Akanyoosha mkono kuchukua kamba.

"Ngoja kwanza," nikasema, na nikafungua katiba, ukurasa uleule wa mbuzi, mstari wa chini yake: kamba ya mwasisi haishikwi ila na mwanachama.

Bwana Dawa akasema basi nishike mimi, fundi wa nguzo. Kwa bahati mbaya goti langu la kulia lilikuwa limeanza kuuma. Lilianza ghafla, wakati uleule Kamanda alipokumbatia bomba, na liliuma kiasi kwamba ilinibidi nikae.

Kwa hiyo tukafanya kikao cha dharura. Wajumbe wawili chini, mwenyekiti juu, akidi imetimia. Nikasoma ajenda kwa sauti ya kufika mawinguni: ombi la Sindano. Mimi nikapiga kura ya ndiyo. Bwana Dawa, akiwa ameketi vizuri kivulini, akasema anasikitika, lakini msimamo wake kuhusu nywele haujabadilika. Hapana.

"Moja kwa moja," nikaita juu. "Tunasubiri kura ya mwenyekiti."

Upepo ukavuma kidogo, ngazi ikalia. Kaptura ile yenye ukingo wa kukata mkate ilikuwa imekunjamana. Sindano alikuwa amesimama chini ya ngazi, hacheki. Wavulana waliokuwa wakicheka aliwatazama wakanyamaza. Akaita juu, taratibu, kama anavyomwita bibi yake akiwa usingizini.

"Babu Kamanda. Usitazame chini. Tazama vidole vyako."

"Navitazama," sauti ikasema.

"Mimi hata ukisema hapana nitapanda. Ila nitapanda bila kamba, na mama atakasirika."

Halafu sauti ndogo sana ikashuka, na mimi ambaye masikio yangu yamezoea nyaya niliisikia vizuri:

"Ndiyo."

"Andika, katibu," akaongeza, "mbili kwa moja."

Bwana Dawa akalalamika kwamba mwenyekiti amebadilisha msimamo. Kamanda akamjibu kutoka juu kwamba msimamo ni rahisi kwa aliyekaa kwenye kiti.

Kikabaki kiapo. Kiapo huapishwa na Kamanda, na Kamanda huinua vidole vitatu. Tulimwona akivibandua kwenye bomba kimoja kimoja, kama anang'oa misumari. Maneno ya kiapo aliyatamka upesi kuliko siku zote. Sindano hakumezwa na haraka ile, akarudia neno kwa neno, vidole vyake vitatu vimenyooka. Saa kumi na robo, Jumamosi, akiwa bado na miaka kumi na miwili, akawa skauti. Nikaandika muda kwa wino.

Nikamvalisha mkanda wangu wa zamani wa nguzo. Ulimkaa sawasawa. Mama yake alikuwa ameupunguza wiki moja kabla, na usiniulize kwa nini. Akapanda, ndoano ya mkanda ikihama kidato kwa kidato, kamba begani. Juu kule akampitishia Kamanda kamba kifuani na mapajani, akaizungusha kwenye chuma kinene cha tanki, akatutupia ncha nyingine. Wavulana saba wakaishika, nami nikawahesabia. Tulimsikia akimwongoza: mguu wa kulia, Kamanda, huo ni wa kushoto, haya, sasa huo mwingine. Ilichukua muda wa kuivisha wali. Alipokanyaga ardhi, Kamanda alisimama wima, akampigia saluti Sindano, kisha akaomba kiti.

Usiku ule aliniambia niandike kwenye muhtasari kwamba alipanda kukagua tanki. Nikaandika hivyohivyo: mwenyekiti alikagua tanki dakika arobaini na tano, akalikuta liko imara.

Jumamosi iliyofuata mlangoni walisimama wasichana watano na barua tano. Bwana Dawa akafufuka. Akapendekeza mtihani mpya, mgumu zaidi, na hata alikuwa ameuandika kwenye karatasi ya duka, nyuma ya maelekezo ya dawa ya minyoo. Kamanda aliisoma karatasi ile mpaka mwisho. Akatazama ukuta. Akamrudishia.

"Vizuri," alisema. "Utatangulia lini?"

Wasichana waliingia wote kabla chai haijapoa. Sindano alikwenda kambini, na barua aliyotuandikia ilisema hema bado linavuja, na kwamba wavulana wawili wameanza kuchana nywele. Bwana Dawa aliomba ile barua aibandike dukani.

Tatizo lililobaki ni kofia. Bado iko juu ya mfuniko wa tanki, inaonekana vizuri kutoka barabarani. Hakuna anayeweza kumtuma mtoto akaichukue, kwa sababu kila mtoto sasa anajua kuusoma ukuta. Juzi nilikuwa kibarazani nanywa chai, Sindano akaja na mkanda wangu wa nguzo mkononi. Nikaona mama yake amefumua mshono, ameurudisha ukubwa wangu.

"Babu," akauliza, "goti linaendeleaje?"

Nikamwambia lilipona kabisa, namshukuru.

"Lilipona siku gani?"

Nikamwambia siku ileile, kama saa kumi na robo hivi. Akanikabidhi mkanda, akakaa kwenye ngazi za kibaraza, akaanza kusubiri.