Kidonda cha Safari

Bwana afya Donatus aliusogeza mkono wa kaka yangu karibu na dirisha, akalipapasa bega mara ya pili, kisha akauachia.

"Chanjo haikushika," alisema. "Hapa hapana hata alama. Siwezi kupiga muhuri."

Huo ulikuwa mwaka wa sabini, mjini Shinyanga. Kaka yangu, Telesphori, alikuwa amepata nafasi ya kwenda Bulgaria kusomea uhandisi wa madini, na serikali ya huko ndiyo ingemsomesha. Pasipoti alikuwa nayo. Kilichobaki ni kadi ya chanjo ya ndui, maana bila kadi hiyo ubalozi kule Dar es Salaam haumpi mtu viza, hata awe hodari kiasi gani. Na kwa mtu anayechanjwa kwa mara ya kwanza, bwana afya hasaini mpaka aone kidonda kimetunga usaha.

"Lakini palivimba," Telesphori alisema. "Nilipofika nyumbani palikuwa pamevimba, ndipo mama aka..."

Akakomea hapo. Sote tukageuka kumtazama mama, aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani.

Mama yetu, Apolonia, ndiye mganga wa vidonda pale Runzewe. Mtu akiungua uji au akijikata jembe, analetwa kwake. Kwa hiyo Telesphori alipokuja nyumbani kuaga, ngozi ya bega imechubuliwa, mama hakuuliza mara mbili. Alikamua, akaosha kwa maji ya moto ya chumvi, akabandika majani yake. Baada ya siku chache bega lilikuwa safi, naye akajisifu mpaka kwa majirani.

"Nimemponya mwanangu," alimwambia bwana afya. "Kosa langu nini?"

"Kosa, mama, ni huko kuponya."

Nilitaka kumchukia, lakini hakusema kwa dharau. Alimchanja Telesphori upya, akatuambia turudi Jumatatu. Treni ya Telesphori ilikuwa Jumanne. Isiposhika safari hii, nafasi inakwenda kwa mwingine, na wa kuidaka walikuwapo tele.

Tulifikia kwa baba mdogo Silvesta, jirani na stesheni. Mimi nikapewa kazi moja tu: kumlinda mama. Ndiyo, mama mzazi, nimlinde kama mwizi! Nilimnyang'anya kifurushi chake cha majani nikakikalia.

Safari hii ilishika, tena kwa hasira. Bega lilijaa, mtoki ukamtoka kwapani, homa ikapanda hadi Telesphori akawa anamwita bibi yetu aliyekwisha kufa. Mama aliposikia jina la bibi alisimama.

"Mektilda, nipe majani."

"Yaya, mama, sikupi. Jumatatu iko karibu."

"Anaita wafu, ng'wanone, mwanangu! Akifa, hiyo Ulaya nitaipeleka wapi?"

Nilikuwa naogopa kuliko yeye, na mimi nikiogopa hugeuka mkali. Nikamwambia kwamba kosa lote ni lake, kwa kuwa wachanjaji walipopita kijijini zamani alimficha Telesphori kwenye shamba la muhogo. Kama si hivyo, angekuwa na kovu lake kama mimi. Nilisema kwa ukali ambao binti hautumii kwa mama yake.

Mama alikaa chini kando ya kitanda, akaizungushia mikono yake khanga, akakaza fundo kwa meno. Kila homa ilipopanda alijifunga hivyo asije akamgusa, rozari akiisali kichwani. Kuna wakati nilinyanyuka kwenye kifurushi nimpe majani mimi mwenyewe. Alitikisa kichwa.

Jumatatu Donatus alifunua bega, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Imeshika," alisema, akapiga muhuri.

Baba mdogo alipiga makofi. Mama alilia, nami nikadhani ni furaha, mpaka aliponishika mkono asitake kuuachia. Alikuwa amemwacha mwanawe augue ili aweze kuondoka, na sasa kweli anaondoka.

Kesho yake stesheni ilijaa watu na mizigo. Treni ilikwisha piga honi ya kwanza. Telesphori alivua koti la kuazima, akakunja shati hadi begani, akapiga goti mbele ya mama.

"Mama, sasa nitibu."

Nilimpa mama kifurushi chake. Alitafuna majani, akayabandika taratibu, akachana kipande cha ile khanga yake. Filimbi ikalia. Watu wakaanza kurukia mabehewa, baba mdogo akapiga kelele kwamba kijana ataachwa.

Mama alikuwa bado anafunga fundo, na Telesphori hakuuvuta mkono.