Makofi ya Rodwell Chabu

Rodwell Chabu alikuwa na mikono iliyojulikana mbali, hadi Chienge. Si kwa kuvuta nyavu, maana wavuvi wenzake walimshinda, bali kwa kupiga makofi. Baba yake alimfundisha adabu ya mbele ya chifu: unapiga goti, unakunja viganja viwe kama kikombe, unaanza polepole, unaharakisha, kisha unakata ghafla. Wengine walipiga tu. Rodwell alipiga vizuri. Akifika mgeni kwao Nchelenge, kando ya ziwa, awe mchungaji au karani wa boma la serikali, watu walimsubiri yeye aanze ndipo wafuate. Naye alijua kwamba anasubiriwa. Siku za mikutano alivaa shati la Jumapili.

Basi ofisa wa boma alipokuja kuzungumza habari za samaki, Rodwell alikaa mbele kabisa. Mkewe Dorica alikaa nyuma yake, pamoja na wanawake wanaokausha samaki.

Ulikuwa mwaka uliofuata kuundwa kwa lile Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na wazungu hawakuishiwa mambo mapya. Ofisa alisoma Kiingereza kirefu, mkalimani akakifupisha kwa Kibemba. Kuanzia kiangazi, ufuko wa Nchelenge utakuwa na mnunuzi mmoja tu mwenye leseni. Ataleta lori na barafu. Mashua za Kasenga, kule Kongo, hazitaruhusiwa tena kununua samaki hapa. Serikali haimlazimishi mtu. Mwenye neno aseme.

Mwenye neno alikuwepo. Dorica alizaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, akaolewa huku, na ndiye aliyezungumza na watu wa Kasenga kwa Kiswahili chao, akigombana nao bei mpaka wote wanacheka. Ufuko mzima ulikijua Kiswahili hicho, na nyumbani kwake kilishinda hata Kibemba. Nyumba yao iliezekwa bati kwa samaki aliowauza yeye. Aliinama, akamnong'oneza mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Baba Mwila, kama adabu inavyotaka.

"BashiMwila, uliza huyu muzungu. Ule mutu mumoja akikatala beyi yetu, tutauzisha nani?"

"Nyamaza. Mugeni angali anakaa kwenye kiti, utamuuliza namna gani?"

"Haiko matusi. Iko swali ya beyi tu."

"BanaMwila, unanipatisha haya mbele ya bantu."

Ukweli ni kwamba hakuelewa kitu. Leseni aliyoijua ni ya baiskeli. Mnunuzi awe mmoja au wawe wengi, kwake samaki ni samaki. Mambo ya bei na serikali aliyaona kuwa ya watu wengine, kama vile kuzalisha ni kazi ya wakunga, na mwanamume mwenye akili hachungulii. Lakini ukimya ulikuwa umerefuka, na aliogopa mgeni asije akaona amepokewa vibaya. Akapiga goti, akaanza. Mkutano mzima ukafuata.

Ofisa alivua kofia. Alisema amefurahi kuona kwamba wote wamekubali.

Kukubali! Kwao makofi ni shukrani kwa mgeni kwa kuja na kusema. Hata aliyeleta habari za msiba hupigiwa. Rodwell aliposikia mkalimani akitamka "mmekubali", moyo ulimshtuka kidogo. Lakini mgeni hasahihishwi mbele za watu. Kwa hiyo akapiga makofi tena.

Kiangazi kilipoingia, mashua ya Kasenga ilikuja mara ya mwisho. Nahodha wake, Ngoy, hakushusha hata vikapu. Alisimama majini, suruali ameikunja, akamwita Dorica.

"Mama, leo njo mwisho. Balitukataza. Banasema mweye benyewe mulikubali."

"Nani alikubali?"

"Bote. Banasema mulipiga mikono mpaka muzungu akavula kofia." Ngoy alicheka, lakini hakuwa na furaha. "Tulikosea nini, mama? Hatukulipa muzuri?"

Rodwell alikuwa karibu, akajifanya anafunga fundo la wavu lililokuwa limeshafungwa. Masikio yalimwaka moto. Angeweza kusema, "Ni mimi." Alifunga fundo lile mpaka mashua ikatoweka upande wa Kongo.

Mnunuzi mpya alitaja bei bila kushuka kwenye lori. Mtu akiguna, aliwasha injini. Alichagua samaki waitwao pale, wale wakubwa wenye nyama, na wadogo akasema watupwe. Dagaa wa ziwani, wale chisense ambao wanawake huanika mchangani, hakuwataka kabisa. Barafu ilikuja siku za mwanzo, kisha haikuja tena. Dorica alijaza chisense ndani ya nyumba, na kila Rodwell alipoingia kulala harufu ilimpokea mlangoni. Mkewe hakumlaumu. Alimpa chakula, akammwagia maji ya kunawa mikono, akamwita BashiMwila kama kawaida, na adabu hiyo ilimuumiza kuliko kama angetukanwa.

Ndipo iliposikika kwamba ofisa yule amepiga kambi Kafutuma, kijiji cha jirani. Rodwell alivaa shati lake.

"Leo nitamuuliza," alimwambia Dorica. "Kwa kinywa yangu mwenyewe."

"Tutaenda bote."

Walitembea hadi huko. Kambini, Dorica alibaki nje ya hema, mahali anapoweza kusikia na kuona. Rodwell aliingia na swali tayari mdomoni: kama mnunuzi ni mmoja na bei yake ni mbaya, watu wamuuzie nani? Njia nzima alikuwa amelirudia.

Ofisa alimtambua mara moja, akatabasamu. Alimwambia kwa njia ya mkalimani kwamba anamkumbuka vizuri: yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Laiti ufuko wote ungekuwa na watu waelewa kama yeye. Leseni imeshatolewa, haiwezi kurudishwa leo wala kesho. Wakati wa kuuliza ulikuwa ule wa mkutano, na yeye ofisa aliuliza kama kuna mwenye neno. Je, aliuliza au hakuuliza?

"Aliuliza, mukwai," alijibu Rodwell kwa heshima.

Basi, alisema ofisa, asante kwa kuja kunisalimu.

Hapo goti la Rodwell likashuka. Halikumngoja. Viganja vikakunjana, na mle hemani akasikia makofi yake mwenyewe, polepole, kisha haraka, kisha kimya, mazuri kama siku zote. Swali lilikuwa bado mdomoni. Alipogeuka kutoka, alimwona Dorica ameangalia pembeni, kama mtu anavyofanya akimkuta mwenzake uchi.

Aibu ya siku ile haikuwa na mahali pa kuiweka. Walirudi kwa miguu. Alitamani Dorica aseme kitu, hata kibaya. Karibu na nyumbani Dorica akasema, "Viatu yako inakuumiza, unatembea mubaya," na Rodwell akatokwa na machozi, mwanamume mzima, shemasi wa kanisa.

Jumapili, baada ya sala ya mwisho, alisimama kabla watu hawajatoka. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao. Alishika mgongo wa benchi.

"Bandugu," alisema. "Ile siku ya mukutano, miye njo nilianza kupiga mikono. Sikuelewa hata neno moja. Nilisikia haya kuuliza, nikaona afazali nipige. Bantu ya Kasenga, miye njo nilibafukuza. Na juzi nilienda Kafutuma kuuliza, nikapiga mikono tena."

Alingoja wamzomee.

Nkonde, mzee aliyeketi kando yake siku ya mkutano, alikohoa. "Hata miye sikuelewa. Nilikuona unapiga goti, nikasema, BashiMwila ameelewa. Njo nikapiga."

"Na siye tuliangalia mweye babili," alisema Bwembya kutoka benchi la nyuma yao, macho chini.

Likaenda hivyo, benchi kwa benchi. Mmoja alimfuata Nkonde, mwingine alimfuata Bwembya, mwingine aliona tu mikono inapigwa. Rodwell alikuwa ameibeba aibu ile akidhani ni yake peke yake. Kuona kwamba ni ya wanaume wote hakukumpunguzia kitu. Kulimwongezea, maana walimwamini.

"Sasa hakuna hata mutu mumoja alielewa?" aliuliza Nkonde.

"Miye nilielewa," alisema Dorica. Hakusimama wala hakupaza sauti. "Banamuke banaokausha samaki, siye bote tulielewa. Hakuna mutu alituuliza."

Mchungaji alifungua kitabu chake, akakifunga. Mwishowe Rodwell akamwomba mkewe aje mbele awaeleze.

"Sitakuya mbele," alisema Dorica. "Mukuye mweye huku. Nafasi iko hapa chini."

Wanaume waliinuka wakiburuta miguu, wakavuka, wakaketi chini sakafuni kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa wanawake. Rodwell alikaa miguuni pa mkewe. Dorica aliwatazama, na Rodwell aliona kwamba amekasirika, amekasirika tangu siku ya mkutano, na adabu yote ile ya nyumbani ilikuwa hasira.

"Musikilize," alisema, akianza na bato, yaani mashua. "Bato mbili zikifika hapa, benye bato njo banaogopa. Bato moja ikifika, siye njo tunaogopa. Juu ya ile woga yetu, beyi inaanguka."

"Juu ya nini banaogopa?" aliuliza Rodwell. Katikati ya swali alikumbuka kwamba mkewe amekuwa akimweleza jambo hilo hilo miaka yote, kila jioni, na yeye alikuwa anakula.